Karatasi ya Maskini wa Mpakani



Juma hili tutafakari pamoja jambo linalogusa nyumba nyingi za Ngara na Biharamulo, ingawa hatulisemi mara nyingi: msaada wa kisheria kwa wahamiaji maskini na familia zao.

Sisi ni watu wa mpakani. Mhangaza na Mrundi husikilizana bila mkalimani. Huuziana, huoana, huzikana. Baadhi ya jirani zetu ni wajukuu wa Wanyarwanda waliopokelewa Muyenzi miaka ya 1960. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakaijaza Benaco. Historia hiyo imetufundisha ukarimu. Lakini pia imemfanya hata raia halali ashukiwe kwa lafudhi yake.

Julai 2013 Rais Jakaya Kikwete, akiwa mkoani Kagera, aliwapa wahamiaji wasio na vibali wiki mbili waondoke. Septemba ikafuata Operesheni Kimbunga. Serikali ina haki na wajibu wa kulinda mipaka, na ujambazi wa barabarani haukuwa hadithi kwetu. Hata hivyo maelfu waliondoka, wakiwamo watu waliokwisha kuishi hapa miaka mingi, na familia zikagawanyika. Walioumia zaidi ni wale wasiokuwa na karatasi mkononi wala mtu wa kuwasemea.

Hapo ndipo ilipo hoja yetu. Maskini huyu tunampelekea blanketi na unga akishakamatwa, kumbe alihitaji ushauri miaka mitano kabla. Sheria ya Uraia humpa mwanamke mgeni aliyeolewa na raia haki ya kuomba uraia kwa ajili ya ndoa hiyo. Mwanamume mgeni aliyeoa raia hana njia hiyo, hana budi kufuata njia ndefu ya tajnisi. Cheti cha kuzaliwa nacho, peke yake, si uthibitisho wa uraia. Ni wangapi kati yetu wanajua hayo? Asiyejua huangukia mikononi mwa vishoka: huuza mbuzi wake wa mwisho anunue hati ya kughushi, na hati hiyohiyo ndiyo itakayomfunga.

Watakuwapo watakaouliza: je, huko si kuwatetea wavunja sheria? La hasha. Mshauri mwaminifu humwambia mtu haki yake, na asipokuwa na haki humwambia hivyo pia, kisha humwonyesha njia halali iliyobaki. Anayeifahamu sheria ndiye awezaye kuitii.

Njia ipo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, ambao huelimisha jamii, husaidia kufuatilia nyaraka na huelekeza mahali pa kwenda. Si mawakili, wala hawasimami mahakamani. Lakini wanaishi kijijini. Mwaka 2023 ilizinduliwa pia Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia. Kampeni huja na kuondoka; jirani hubaki.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila parokia ipeleke mlei mmoja au wawili wakapate mafunzo hayo. Pili, sehemu ya michango yetu ya huruma itengwe kwa ajili ya nauli ya wanaofuatilia hati, na malipo ya wakili pale kesi inapomhitaji. Tatu, vitabu vyetu vya ubatizo vitunzwe vema, na cheti kitolewe bila kuzungushana, maana mara nyingi ndiyo kumbukumbu pekee ya maandishi anayoweza kuitegemea mtu anayesajili kuzaliwa kwake kwa kuchelewa.

Familia Takatifu nayo ilivuka mpaka usiku, ikimkimbia Herode. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 25, Bwana anajihesabu miongoni mwa wageni, na hatatuuliza kama tuliwahurumia moyoni tu, bali kama tuliwapokea. Jumuiya zetu ndogondogo zianze kulijadili jambo hili juma hili hili, kabla mtu mwingine hajapoteza mume, mke au mtoto kwa kukosa karatasi.