Lengalenga changa ni nzuri, lakini udongo wa Lubumbashi nao upimwe

Mama anayenunua fungu la lengalenga kwenye soko la Kenya huangalia majani: yawe mabichi, yasiwe na matundu. Bustani ilikotoka mboga hiyo, ni mara chache anauliza.

Sasa kunasifiwa mboga chipukizi, yaani miche inayokatwa siku 7 hadi 14 hivi baada ya kupandwa, ikiwa bado midogo kama kidole. Sifa hiyo ina msingi. Mwaka 2012, watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland na wa wizara ya kilimo ya Marekani walitangaza vipimo vya aina 25. Gramu kwa gramu, nyingi zilizidi mboga zilizokomaa kwa vitamini na karotini. Kabichi nyekundu changa iliongoza kwa vitamini C. Kwa vitamini K iliongoza lengalenga nyekundu, ndugu ya hii yetu.

Lakini gramu kwa gramu si sahani kwa sahani. Chipukizi mtu anakula kiganja kimoja. Lengalenga iliyokomaa anakula na bukari mpaka anashiba, na mafuta ya mawese yanausaidia mwili kupokea karotini. Nyumba ya watu wanane haitalishwa na beseni moja la miche. Tena si kila mmea unafaa: sombe, iwe changa namna gani, ina sumu mpaka itwangwe na kuchemshwa vizuri.

Kwa Lubumbashi, faida kubwa ya chipukizi tunaiona mahali pengine. Inaota ndani ya beseni, kwa udongo ambao mtu amejichagulia. Bustani zetu hazina bahati hiyo. Tangu 1911 moshi wa kiwanda cha shaba ulisukumwa na upepo kuelekea kaskazini-magharibi, Penga-Penga na jirani zake, ukaacha shaba, risasi na kadimiamu ardhini. Mwaka 2009 watafiti wa UNILU na wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha kwamba watu wa Katanga wanaoishi karibu na migodi na viwanda wana kobalti nyingi sana katika mkojo, hasa watoto. Kuosha majani kunaondoa vumbi. Madini yaliyoingia kupitia mizizi hayatoki kwa maji.

Basi anayeweza apande beseni lake, kwa maji safi, maana chipukizi huliwa mbichi na kipindupindu tunakijua. Ila serikali ya jimbo isijifiche nyuma ya beseni hilo. Wakulima wa mboga wanaomwagilia wakati wa kiangazi hawana namna ya kujipimia udongo. Chuo kikuu chetu kina kitivo cha kilimo na watu wanaoifahamu kazi hiyo. Tunaomba bustani zipimwe, komini kwa komini, na matokeo yabandikwe sokoni kwa Kiswahili, pamoja na mahali pengine pa kulima kwa wale ambao udongo wao utakutwa mbaya.