KUSHUKURU SI KUTHAMINI



Juma lililopita nilialikwa chakula kwa askari mmoja hapa Nyamitanga, ng'ambo ya Mto Rwizi ukitoka mjini Mbarara. Bwana ni Mnyankole; bibi alizaliwa Kongo, akakulia katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyofunguliwa mwaka 1958. Lugha ya nyumba yao ni Kiswahili.

Baada ya kula, bwana alisimama mbele ya wageni akasema: “Namshukuru mke wangu kwa kazi yake.” Bibi aliinamisha uso. Alipokuwa akitusindikiza alinong'ona: “Hata jirani aliyekuazima sufuria hushukuriwa.”

Bwana yule hakukusudia ubaya. Katika lugha ya mama yake, neno moja, okusiima, hutosha kwa kushukuru, kwa kuridhika na kitu na kwa kukiona kuwa ni chema. Kiswahili kimeyagawa mambo hayo, na kila neno lina kazi yake.

Kushukuru ni kuujibu wema uliotendewa. Ukiisha kusema ahsante, umelipa deni. Kusifu ni kuutaja uzuri kwa ulimi, na ulimi waweza kukisifu kitu ambacho moyo haukipendi. Kukadiria ni kukisia kiasi. Usimwambie mkeo kwamba wamkadiria, atadhani wampigia hesabu.

Kuthamini kumetokana na thamani, neno lenye asili ya Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni bei. Lakini amthaminiye mwenziwe hamwekei bei. Humwona kuwa ni mtu wa maana, awe amepika au amelala mgonjwa. Kuenzi ni kumpa mtu heshima ya kudumu, hata aliyekwisha kufa. Ndiyo sababu twasema twawaenzi mashujaa.

Yako pia maneno ya vitendo. Askari aliye mbali akituma fedha za chakula, ameitunza nyumba yake. Akiandika kuuliza homa ya mtoto imeshuka au la, amejali. Nyumba huhitaji yote mawili.

Nilipokutana na bwana yule sokoni nilimweleza haya. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza: “Sasa nimwambie nini?”

Nikamjibu: “Mwambie wamthamini. Na kesho alfajiri, kachote maji wewe.”

Tuonane juma lijalo.