Fundi, pima kwanza kabla hujabadili pampu

Gari likizimika kwenye mwinuko wa njia ya Lubondja kwenda Fizi, abiria hawaulizi kitu gani kimeharibika. Wanauliza watafika saa ngapi, na kama ni salama kusubiri pale walipo. Dereva anafungua boneti. Fundi akipigiwa simu anatoa jibu tunalolisikia kila siku: "Hiyo ni pampu, Papa. Nunua ingine."

Mimi nimepewa jibu hilo mara tatu kwa gari moja, na mara tatu nimenunua pampu. Mara ya mwisho gari lilipozima, ndani yake alikuwa mama mjamzito ambaye wauguzi walikuwa wameandika apelekwe hospitali ya Fizi. Alimalizia safari juu ya pikipiki, ameshikiliwa na shangazi yake kwa nyuma. Mungu alisaidia, mama na mtoto wako hai. Lakini siku ile niliamua kuandika, kwa sababu kile kilichotuzimisha njiani hakikuwa pampu hata kidogo.

Gari lenyewe ni la kuungwa, kama mengi ya kwetu. Bodi na tangi ni vya gari la zamani lililotumia kabureta. Injini ni ya sindano, imetolewa kwenye gari jingine. Magari ya namna hii ndiyo yanayobeba mihogo, samaki, wagonjwa na maiti zetu, na sitayadharau. Ila mwenye gari la kuungwa lazima aelewe jambo moja: injini ya kabureta na injini ya sindano hazinywi mafuta kwa namna moja.

Kabureta inaridhika na presha ndogo sana, chini ya nusu bari. Ina kibakuli chake cha akiba, hivyo pampu ikivuta hewa kwa sekunde mbili, injini haihisi kitu. Injini ya sindano ya esanse, au petroli kama wasemavyo wenzetu wa Kigoma, kwa kawaida inataka bari mbili na nusu hadi tatu na zaidi kidogo, bila kukatika. Pampu ikimeza hewa kwa muda mfupi tu, presha inaanguka, nozeli zinanyunyiza kidogo, na gari linakohoa.

Dalili zake ni wazi kwa anayetaka kuziona. Gari linawaka vizuri asubuhi. Kwenye tambarare ya Baraka, kando ya ziwa, linakimbia bila shida. Likianza kupanda milima, limejaa mzigo, linapoteza nguvu, linaruka-ruka, kisha linazima. Ukingoja dakika kumi linawaka tena, kama vile halikuwa na tatizo. Hiyo ni njaa ya mafuta. Injini inaomba mafuta mengi na hayafiki.

Lakini njaa ni dalili, na chanzo chake kinaweza kuwa vitu vingi. Huenda filta imeziba. Huenda tundu la hewa la tangi limefungwa na tope, hivyo tangi linajinyonga lenyewe. Huenda waya unaopeleka umeme kwenye pampu ni mwembamba, au rilei imeungua, au masi imeshika kutu. Huenda mpira umekunjamana kwa ndani. Huenda mafuta ni kidogo, na gari likipanda yanakimbilia nyuma na kuliacha bomba likinyonya hewa. Na ndiyo, huenda pampu imechoka. Pampu ni mmoja tu kati ya washukiwa, lakini sisi tunamhukumu kabla ya kesi kusikilizwa.

Nilipata msaada kwa kijana mmoja aliyekuja na vitu viwili tu: geji ya presha na kipimo cha umeme. Hakufungua kitu chochote kwanza. Aliuliza gari linazima wapi, likiwa na mafuta kiasi gani, na likipumzika linafanya nini. Baadaye aliweka swichi bila kuwasha injini na kutega sikio kwenye tangi. Pampu ililia kwa sekunde mbili na kunyamaza, kama inavyotakiwa. Akafungua kifuniko cha tangi: hakikutoa mlio wa kunyonya hewa, na gari lilipojaribiwa kifuniko kikiwa kimelegezwa lilizima vile vile. Tundu la hewa likaondolewa kwenye orodha.

Akafunga geji kwenye bomba la mafuta. Gari limesimama, injini inanguruma: bari tatu. Fundi wangu wa zamani angesema hapo kila kitu ni kizima. Kijana akasema, "Papa, gari lako halizimi likisimama. Tulipandishe." Akaifunga geji nje ya kioo cha mbele ili esanse isiingie ndani walipo watu, tukaanza kupanda. Kabla hatujafika nusu ya mlima, mshale ulikuwa umeshuka hadi chini ya bari moja.

Hilo ndilo somo la kwanza: presha ya gari lililosimama haikuambii wingi wa mafuta yanayopita. Bomba la maji linaweza kutoa maji kwa nguvu likijaza kikombe, na likashindwa kujaza pipa.

Tukasimama pembeni, injini ikiwa bado inakohoa, naye akapima umeme pale pale kwenye pampu. Ulikuwa karibu sawa na ule wa betri. Kama ungekuwa umeshuka volti mbili au tatu, angefuata waya, rilei na masi. Kwa kuwa umeme ulikuwa unafika wote, tatizo lilibaki kwenye mafuta yenyewe: ama pampu haiwezi, ama filta ya mbele imeziba, ama pampu inanyonya bila kupata. Filta ilikuwa mpya, na pampu nayo haikuwa imemaliza mwezi. Ilibaki upande wa kunyonya.

Tulilitoa tangi. Kwenye chujio la ndani kulikuwa na tope jekundu, kutu, na vipande vya sashe, zile plastiki ambazo wauza mafuta wa barabarani, makadafi wetu, hutumia kuziba chupa na bidoni. Pampu ikivuta kwa nguvu, uchafu unajibandika kwenye chujio na kuziba njia. Gari likizima, unalegea na kuanguka chini. Ndiyo maana baada ya kupumzika liliwaka tena. Pampu tatu zilikuwa zimekufa kwa kulazimishwa kunyonya pasipo na kitu, maana pampu ya aina hii hupozwa na mafuta yale yale inayoyasukuma.

Tulisafisha tangi, tukaweka chujio jipya. Kwa kuwa tangi la zamani halina kuta za ndani za kuzuia mafuta yasiyumbe, akaongeza tangi dogo la kati linalobaki limejaa hata gari likiinama, na mipira inayostahimili presha, si ile ya kabureta. Tangu hapo gari linapanda. Kazi yote iligharimu chini ya bei ya pampu mbili.

Sasa nataka kusema na watu watatu.

Kwanza, mafundi wetu. Tunawaheshimu, nanyi mnafanya kazi ngumu bila vifaa. Lakini kubadili kifaa kwa kubahatisha ni kamari, na anayepoteza ni mwenye gari. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na sisi watu wa Baraka tulipaswa kuwa wa kwanza kulijua hilo. Na tafadhali, mnapofungua bomba la injini ya sindano, toeni presha kwanza, zimeni sigara, na acheni kuvuta esanse kwa mdomo.

Pili, wauza mafuta. Mafuta yetu mengi yanavuka ziwa au yanapitia Uvira, kisha yanahama kutoka pipa hadi bidoni, kutoka bidoni hadi chupa. Kila kuhama kunaongeza uchafu au maji. Kifuniko cha kweli badala ya sashe, na kitambaa safi juu ya faneli, si gharama kubwa. Mnunuzi naye achote kidogo kwenye chupa nyeupe, aiache itulie. Maji ni mazito kuliko esanse, yatakaa chini na utayaona kwa macho yako.

Tatu, wakubwa wetu. Kuna wanaosema tatizo ni barabara na usalama, kwamba hivi vya filta ni mambo madogo. Ni kweli barabara ni mbovu, na usalama ndio kilio chetu cha kila siku. Lakini ndiyo sababu hasa gari halipaswi kuzima. Mahali ambapo kusimama njiani ni hatari, chujio la tangi linakuwa suala la usalama. Chama cha madereva, ACCO, kinaweza kununua geji moja na kipimo kimoja cha umeme kwa kila kituo, vitumike na mafundi wote kwa zamu. Na ofisi ya serikali ya ukaguzi wa bidhaa, OCC, itazame pia kile kinachomiminwa kwenye bidoni zetu.

Hatuwezi kurekebisha kila kitu kwa siku moja. Lakini kupima kabla ya kubadili kunawezekana hata kesho asubuhi. Yule mama alifika Fizi kwa bahati. Atakayefuata afike kwa sababu gari lilikuwa na mafuta safi, na fundi wake alikuwa amepima.