Kulipa ili makala itoke si kufanya utafiti

Katika vyuo vikuu vyetu vya Bukavu, Goma, Butembo ao Lubumbashi, kila asistanti wa usimamizi wa biashara anajua jambo hili: bila makala zenye zilichapishwa, hatapanda daraja. Anaweza kufundisha vizuri miaka kumi. Siku faili yake inafika mezani, wanamuuliza: umechapisha nini, na wapi?

Swali hilo ni la haki, lakini limezaa soko. Ujumbe unaingia katika telefone: "jarida la kimataifa" linamuita asistanti wetu profesa mukubwa, linaahidi kutosha makala yake kwa siku tano. Anapashwa tu kutuma feza. Anatuma, makala inatoka, na hakuna mutu hata mumoja mwenye aliisoma.

Jarida la kweli halifanye vile. Mara nyingi muhariri anaondoa jina la mwandishi, kisha anatuma makala kwa wataalamu wawili ao zaidi wa kazi ileile. Wanauliza: hesabu zako zinatoka wapi? Uliongea na wachuuzi wangapi? Mbona umesahau wale wenye walifilisika? Mwandishi anarudilia kazi, mara moja, mara mbili. Inaweza kuchukua miezi mingi, na wakati mwingine jibu ni hapana. Ile hapana ndiyo inapatia jarida bei yake.

Mwaka wa 2013, mwandishi wa habari John Bohannon, akiandikia jarida la Marekani Science, alitega mutego. Alitunga makala ya uongo juu ya dawa, yenye makosa ya wazi, akaiweka majina ya watafiti wa kubuni wa Afrika. Aliituma kwa majarida 304. Majarida 157 yaliikubali. Kama dawa ya uongo inapita hivyo, makala juu ya mikopo ya wachuuzi itazuiwa na nani?

Wengine watasema: hayo ni mambo ya maprofesa, mama muuzaji wa Birere ao wa Kadutu anapoteza nini? Anapoteza sana. Kisha M23 kuingia Goma mwisho wa Januari 2025, benki za muji zilifunga. Biashara haikusimama. Watu waliendelea na feza ya telefone, na likelemba, na deni la kuaminiana. Nani alipandisha bei ya kutosha feza? Duka gani lilivumilia, na kwa njia gani? Hayo ni maswali ya usimamizi wa biashara, na hapa ndipo majibu yapo. Siku benki, serikali ao shirika litatafuta namna ya kusaidia wachuuzi, litasoma kile chenye kiliandikwa. Kama kiliandikwa bila kuangaliwa, mupango mubaya utajengwa juu ya hesabu mbaya, na ni yule mama atalipa.

Ninakubali kwamba njia ya kweli ni nguvu. Majarida mengi yanataka Kiingereza. Mengine ya Ulaya na Marekani yanadai zaidi ya dola 2,000 kwa makala moja, na mushahara wa asistanti tunaujua. Lakini milango iko. Wachapishaji wengi wakubwa wanapunguza ao kufuta malipo kwa watafiti wa inchi maskini kama yetu. Ni vizuri kuuliza mbele ya kutuma. Orodha ya DOAJ, yenye ilianza mwaka wa 2003, inakuonyesha bure majarida ya wazi yenye yamechunguzwa. African Journals Online, yenye ilianza 1998 na leo inaongozwa kutoka Afrika Kusini, inakusanya majarida ya bara letu. Na tangu 2015 kuko Africa Journal of Management, jarida la usimamizi lenye Waafrika wenyewe walianzisha.

Kwa hiyo, ninaomba mambo mawili. La kwanza ni kwa wakubwa wa vyuo: musihesabu makala tu. Ombeni mwandishi aonyeshe barua za wahakiki na majibu yake. Mutu mwenye alinunua makala hatakuwa nazo, ao zitakuwa mistari miwili ya sifa. Makala moja yenye ilipita katika moto ihesabiwe kuliko tano za siku tano.

La pili ni kwa majarida ya vyuo vyetu wenyewe: kila makala ya biashara iwe na ukurasa mumoja wa Kiswahili. Mama wa Birere alikupatia saa yake, alijibu maswali yako kati ya wateja. Anapashwa kusoma kile uliandika juu yake, na kusema kama ni kweli. Hakuna muhakiki mwenye kumushinda.