Tunajikwaa Kizingitini

GATINI, na Athman Kombo

Alfajiri ya Jumatatu maji yalikuwa yamekupwa nusu, na boti tatu zimefungwa ubavu kwa ubavu gatini Kizingitini. Ya kwenda Amu, mji wa Lamu, ilikuwa ya tatu, ya nje kabisa. Bibi mmoja wa mtaani kwetu alishuka ngazi, viatu mkono huu, kikapu mkono huu, na ngazi zenyewe zimeota mwani na chaza. Baharia akamnyooshea mkono. Bibi akautazama tu.

"Mwanangu, wewe si maharimu yangu."

Kijana hakubishana. Alivua kikoi begani, akakisokota, akampa ncha moja, mwenyewe akashika ya pili. Ndivyo bibi alivyovuka boti mbili za watu hata akaifikia yake, buibui likinasa kwenye mbao, boti zikigongana na kuachana, na katikati ya kuachana huko maji meusi. Alipokwisha kukaa, anahema, utingo akamjia na jaketi la kuokolea. "Bibi, vaa. Ni sheria."

Akalivaa. Hatari yote ameshaivuka kwa nguvu ya kikoi, ndipo sheria inamfikia.

Sisi watu wa kisiwa cha Pate hatuna basi la kwenda mjini. Basi letu ni boti, steji yetu ni gati, na ratiba huandikwa na mwezi: bamvua ina saa zake, maji mafu yana zake. Na kila tunapozungumzia usalama wa safari, tunazungumzia katikati ya bahari. Hatukosei. Agosti 2017, siku chache baada ya uchaguzi mkuu, boti iliyotoka hapa ikielekea Amu ilipinduka upande wa Manda Bruno, wakafa watu wasiopungua kumi, wengi wao wa jamaa moja. Msiba ule mpaka leo ukitajwa barazani watu hunyamaza. Mkondo wa Mkanda nao ulichimbwa ili boti zipite ndani, zisilazimike kungoja maji au kuzunguka nje kwenye wimbi la kusi. Kazi hiyo ni ya maana na walioifanya washukuriwe.

Lakini hebu tutazame vyombo vingine vilipopindukia. Feri ya Mtongwe, Mombasa, Aprili 29, 1994: watu 272 walikufa mita kama 40 kutoka gatini. MV Nyerere kule Ziwa Victoria, Septemba 20, 2018: ilikuwa imekwisha kufika kisiwani Ukara, gati inaonekana, watu waliokuja kupokea jamaa zao wamesimama ufukweni. Chombo kilichojengewa abiria 101 kilikuwa kimebeba mara kadhaa ya hao, abiria wakainuka na kusogea upande mmoja wajiandae kushuka, kikalala. Walikufa zaidi ya 220. Vyombo vyote viwili vilikuwa vimejaza kupita kiasi, hilo halina ubishi. Ila cha kunikeresha mimi ni mahali. Haikuwa bahari kuu wala tufani. Ilikuwa mlangoni, penye kizingiti, wakati mtu anainuka kutoka kuwa abiria na kuwa mtembea kwa miguu.

Na mtembea kwa miguu hana mwenyewe. Ukiwa umekaa ndani ya boti, unayo Mamlaka ya Safari za Baharini, KMA, itakayokuuliza jaketi. Ukiwa barabarani ndani ya gari, unayo mamlaka ya usalama barabarani, NTSA, itakayouliza mkanda na leseni. Baina ya hayo mawili kuna hatua kama kumi hivi, za ngazi, za ukingo wa boti na za kichochoro, na hizo nimezitafutia mwenyewe mpaka nikafungua Katiba. Zimo. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa serikali za kaunti barabara za kaunti, taa za barabarani, uchukuzi wa umma wa barabarani, na feri na bandari. Yote kwenye aya moja, kana kwamba aliyeandika aliwahi kusafiri kwa boti ya alfajiri.

Basi kaunti isituletee mradi wa kukatiwa utepe. Tunataka chuma cha kushikilia kando ya ngazi, mwani uparwe kila mwezi, taa iwake saa kumi usiku, na boti inayopakia ndiyo ikae ndani, zilizolala zikae nje. Hilo la mwisho halihitaji hata bajeti, linahitaji mtu mmoja mwenye sauti. Na manahodha, ambao wengi ni ndugu zangu na watanuna, wazuie watu kuinuka kabla kamba haijafungwa. Makondakta wa Mombasa wamewazoeza watu kushuka gari linatembea, sisi tusiige.

Kuna na matatizo ya nchi kavu. Maji yakikataa kabisa, boti hushusha watu Mtangawanda, upande wa pili wa kisiwa, na hapo safari inamaliziwa kwa pikipiki kupitia Siyu na Faza. Bodaboda imetufaa sana. Usiku wa uchungu wa uzazi, mwenye kumkimbiza mke wake hospitali ya Faza hana la kuilaumu. Taabu huanza inapoingia mjini. Vichochoro vya Kizingitini vilipimwa kwa bega la mtu na shogi la punda, nyumba zimebanana hata ukikohoa jirani anakupa pole. Sasa hupita humo pikipiki ya mshikaki, dereva na watu wawili nyuma, au sanduku la barafu lenye kamba-koche linalovuja njia nzima, na mlango wa kila nyumba unafungukia papo hapo njiani. Mtoto akitoka mbio, ametokea kwenye gurudumu.

Amu, mtaa wa kale ulioingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2001, pikipiki zimekatazwa vichochoroni. Sisi hatuna UNESCO. Sijui watoto wetu wangoje waitwe urithi ndipo walindwe. Steji ya pikipiki ingewekwa mwanzo wa mji, mwenye mgonjwa na mwenye mzigo mzito waruhusiwe kuingia polepole, wengine tutembee. Si mbali. Mji mzima unauvuka kabla chai haijapoa.

Yule bibi alirudi Alhamisi. Maji yalikataa, akashukia Mtangawanda, nami nikawa pikipiki ya nyuma yake. Kijana aliyempakia alitaka kumfikisha hadi mlangoni, kwa heshima kabisa, na hakutaka nyongeza. Tulipofika nyumba za mwanzo bibi akampiga begani kwa ncha ya leso.

"Nishushe hapa, mwanangu. Huko ndani wajukuu wanacheza."

Akavua viatu, akakamata kikapu chake, akaingia kichochoroni kwa miguu.