Mpira unachezwa, umelipa, na bado huoni

Najua nimekuwa kimya kwa muda (kazi, kazi, kazi), lakini leo nimekuja na hasira, na hasira yenyewe hata haitoki hapa nyumbani. Inatoka Marekani. Nivumilieni kidogo, mtaona kwa nini inamhusu mtu yeyote anayeandika programu za kompyuta.

Nina rafiki tuliyesoma naye digrii ya sayansi ya kompyuta, sasa yuko Texas kwa shahada ya uzamili. Aliondoka hapa akiwa shabiki wa soka kama sisi sote. Huko wamemwambukiza mpira wa vyuo vikuu. Si soka, ni ule mpira wao wa yai, wa kofia ngumu na mabega ya kuazima. Mwanzoni nilimcheka. Kisha akanieleza kwamba mechi za vyuo huchezwa zaidi Jumamosi, kwamba kuna viwanja vinavyobeba zaidi ya watu 100,000, na kwamba timu hucheza mechi 12 tu katika msimu wa kawaida. Kumi na mbili! Ligi Kuu ya Uingereza kila timu hucheza 38. Kwa hivyo huko ukikosa Jumamosi mbili, umekosa sehemu moja ya sita ya msimu mzima.

Mapema Novemba 2025 aliniuliza swali, kwa vile mimi ndiye eti mtaalamu. "Bro, intaneti iko. TV ni nzima. Mechi inachezwa. Watu wamelipa. Sasa ni nini kimeharibika?"

Nikamjibu: hakuna kilichoharibika. Na hapo ndipo penye matusi.

Wacha nieleze, maana nimewahi kuandika mfumo wa aina hii, ingawa mdogo sana. Unapobonyeza chaneli kwenye programu ya kutazama TV mtandaoni, programu huuliza seva maswali mawili matatu. Huyu ni nani? Amelipa? Anaruhusiwa kuona chaneli hii? Majibu yakiwa ndiyo, unapewa ufunguo na picha inafunguka. Jibu moja likiwa hapana, unapata ujumbe wa kusikitika, umeandikwa kwa lugha tamu na mtu wa mauzo. Kwa hivyo chaneli inapozimwa hakuna nyaya zilizokatwa, hakuna mlingoti ulioanguka. Kamera ziko uwanjani, watangazaji wamekaa na vipaza sauti vyao, na mahali fulani kwenye hifadhidata kisanduku kimebadilishwa kutoka "ndiyo" kikawa "hapana". Kazi ya dakika moja. Mimi ningeweza kuifanya nikinywa chai.

Aliyeibadilisha mwaka jana nchini Marekani alifanya hivyo usiku wa tarehe 30 Oktoba 2025. Pande mbili zilikuwa Disney, wenye ESPN na ABC, na Google, wenye YouTube TV, huduma yenye wateja takriban milioni 10. Mkataba wao ulikwisha, wakashindwa kuelewana bei, chaneli zikatoweka. Jumamosi ya tarehe 1 Novemba Texas wakacheza na Vanderbilt kwenye ABC. Texas waliongoza 34 kwa 10, halafu Vanderbilt wakarudi, wakarudi, wakarudi mpaka 34 kwa 31 kabla ya muda kuisha. Ndiyo aina ya mechi inayokufanya ulipie televisheni. Jumamosi iliyofuata Alabama dhidi ya LSU, ABC tena, giza tena. Makubaliano yakapatikana Ijumaa tarehe 14 Novemba. Ijumaa! Siku moja kabla ya Jumamosi ya tatu.

YouTube TV waliwapa wateja punguzo la dola 20. Asante sana. Filamu ukiikosa leo utaitazama kesho. Mechi ni kitu kingine kabisa, kwa sababu bidhaa yenyewe ni kutojua itaishaje. Ukishajua ni 34 kwa 31, umeuziwa mfuko mtupu.

Sasa sisi watu wa programu tuna tabia ya kusoma logi. Kitu kikianguka mara moja, tunasema bahati mbaya. Kikianguka mara tatu saa ileile, tunajua kuna mtu alikipanga. Hebu soma logi hii. Tarehe 31 Agosti 2023, Disney na Charter, wateja karibu milioni 15: chaneli zinazimwa usiku uleule Florida wanapocheza na Utah, msimu ukianza. Zinarudi 11 Septemba, saa chache kabla ya mechi kubwa ya Jumatatu ya ligi ya wachezaji wa kulipwa. Tarehe 1 Septemba 2024, Disney na DirecTV, wateja zaidi ya milioni 11: zinazimwa usiku wa USC na LSU mjini Las Vegas. Zinarudi 14 Septemba, ambayo ni, naam, Jumamosi. Halafu hiyo ya Oktoba 2025.

Mbona mikataba hii haiishi mwezi wa Juni, wakati hakuna anayecheza? Kwa sababu mwezi wa Juni hakuna atakayelia. Mkataba unaoisha msimu ukiwa umepamba moto ni silaha. Anayeshikiwa silaha hiyo si Google wala Disney. Ni yule mzee wa Alabama aliyenunua viazi vya kukaanga na kuwaita jirani zake. Kila upande unangoja ahamaki, apige simu upande wa pili, atukane. Walikuwa hata wanaweka matangazo na tovuti za kumwambia amlaumu nani! Methali ya fahali wawili mnaijua, sitairudia, ila nitaongeza kwamba nyasi za methali huwa haziwalipi fahali kila mwezi.

Msidhani ni ugonjwa wa intaneti. Mnamo 30 Agosti 2007 ulizinduliwa mtandao wa TV wa vyuo vya Big Ten, yaani Michigan, Ohio State na wenzao. Comcast, kampuni kubwa kuliko zote za kebo Marekani wakati huo, walikataa kuubeba kwa masharti yaliyotakwa. Mtandao ulitaka takriban dola 1.10 kwa mwezi kwa kila mteja katika majimbo ya vyuo hivyo, tena uwe kwenye kifurushi cha kawaida anacholipia kila mtu. Comcast walitaka uwekwe kwenye kifurushi cha michezo, wanaotaka walipe zaidi. Mabishano ya wahasibu, sivyo?

Siku mbili baada ya uzinduzi, 1 Septemba 2007, Michigan, nambari 5 nchini, wakawakaribisha Appalachian State. Hawa ni vijana wa mji mdogo wa Boone, North Carolina, wa daraja la chini, waliokuja kulipwa wapigwe na warudi nyumbani. Watu zaidi ya 109,000 walikuwa uwanjani. Appalachian State wakashinda 34 kwa 32, wakilizuia teke la mwisho la Michigan sekunde za mwisho kabisa. Hakuna timu ya daraja lao iliyowahi kufanya hivyo kwa timu iliyo kwenye orodha ya bora. Mpaka leo ukiwauliza Wamarekani kuhusu maajabu ya mpira wa vyuo, hili halikosi. Na mechi hiyo ilikuwa kwenye mtandao ule mpya, ambao mashabiki wengi wa Michigan kwenyewe hawakuwa nao nyumbani. Comcast na Big Ten walipatana Juni 2008. Msimu ulishapita zamani.

Basi tukaambiwa intaneti itamaliza mambo haya. Mimi mwenyewe niliamini, na nikiwa chuo nilikuwa nikihubiri! YouTube TV ilipoanza 2017 ilikuwa dola 35 kwa mwezi, hakuna mkataba mrefu, hakuna fundi wa kupanda juu ya paa. Kufikia Januari 2025 ilikuwa imefika dola 82.99. Kifurushi ni kilekile cha chaneli usizozihitaji, na zile chaneli zinaweza kuzimwa vilevile. Tulichobadilisha sisi waandishi wa programu ni mlango tu. Zamani kampuni ya kebo ilizima mji mzima kwa swichi yake, sasa tunazima kwa safu moja kwenye hifadhidata. Tumeifanya kazi ya kumnyima mtu iwe rahisi, ya haraka, na isiyo na makosa. Hongera kwetu.

Najua watetezi watasema nini, kwa hivyo wacha niwajibu mapema.

Wa kwanza atasema hii ni biashara huru, bei haiwezi kuamuliwa bila mtu kuweza kusema "basi, sitanunua". Sawa kabisa. Disney wana haki ya kudai bei, na Google wana haki ya kuikataa. Wote ni matajiri, sina wa kumhurumia. Lakini mteja alishalipia mwezi wake, na hakuna aliyemwita kwenye meza ya mazungumzo. Isitoshe, chuo kikuu cha Texas, cha Michigan, cha Alabama, hivi ni vyuo vya umma. Mnamo 1984 vyuo vya Oklahoma na Georgia vilienda hadi Mahakama Kuu ya Marekani kupinga chama cha michezo cha NCAA, ambacho kilikuwa kinaweka kikomo cha mara ambazo timu ingeonyeshwa kwenye televisheni. Vikashinda, majaji 7 kwa 2. Vilipigania mechi zao zionekane. Na leo vimeuza haki hizo kwa watu wanaoziweka gizani wakijadili bei, wala sijasikia chuo kikienda mahakamani kwa hilo.

Wa pili atasema: hamia kwingine. Wapi? Novemba hiyohiyo ya 2025, shabiki aliyekimbilia Fubo, ambayo Disney walikuwa wamechukua asilimia 70 yake siku moja kabla ya giza kuanza, alipata ESPN yake vizuri. Wiki tatu baadaye Fubo nao wakapoteza chaneli za NBC, zinazoonyesha Notre Dame na mechi za Big Ten. Unahama nyumba inayovuja maji sebuleni kwenda inayovuja chumbani. Au ununue huduma ya ESPN yenyewe moja kwa moja, iliyoanzishwa Agosti 2025 kwa dola 29.99 kwa mwezi, juu ya zile 82.99 unazolipa tayari. Ona ujanja huo: anayezima taa ana duka la mishumaa.

Wa tatu, huyu ndiye anayenikera zaidi, atasema hakuna njia nyingine. Iko! Mnamo 2017 kampuni ya AT&T ilipotaka kuinunua Time Warner, serikali ilishtaki ikihofia kwamba chaneli za Turner (TNT, TBS, CNN) zingetumiwa kama silaha dhidi ya kampuni nyingine za TV. Turner wakafanya nini? Wakaziandikia takriban kampuni 1,000 ahadi ya miaka saba: tukishindwa kuelewana bei, tupeleke kwa msuluhishi, kila upande uandike bei yake, msuluhishi achague moja kati ya hizo mbili, na wakati huo wote chaneli hazizimwi. Hakuna giza. Jaji aliizingatia ahadi hiyo, na Juni 2018 AT&T wakashinda kesi.

Kwa hivyo walipohitaji ruhusa ya jaji, kampuni ya mabilioni iliweza kuandika kwenye karatasi kwamba mechi itaendelea huku wao wakibishana. Haikuhitaji teknolojia mpya wala utafiti. Ilihitaji tu wawe na shida. (HBO haikuwa kwenye ahadi hiyo. Novemba 2018 ikazimwa kwa wateja wa Dish, mara ya kwanza katika historia yake. Yaani palipo na ahadi taa zinawaka, pasipo na ahadi zinazimwa.)

Ninachotaka ni hicho, tena kiwe sharti la sheria, si zawadi. Mkataba ukiisha, chaneli zinaendelea kwa bei ya zamani. Msuluhishi akichagua bei mpya, inalipwa kuanzia siku mkataba wa zamani ulipokwisha, tofauti inahesabiwa na kulipwa nyuma. Hesabu ya kurudi nyuma mimi naweza kuiandika kwa siku moja, na wahandisi wa Google hawanishindi kwa kukosa akili. Januari 2024 tume ya mawasiliano ya huko, FCC, ilipendekeza wateja warudishiwe pesa wakati wa giza. Ni wazo zuri kwa kitu kinachoweza kurudishwa. Robo ya mwisho ya Vanderbilt haiwezi.

Na kwenu wenzangu mnaoandika hizi seva: siku bosi atakapokuja na ombi la "kuzima chaneli fulani saa sita usiku", angalau muulize kwa sauti, mbele ya watu, kwa nini ni usiku wa kuamkia mechi.

Rafiki yangu alinunua antena ya dirishani. ABC huko iko hewani bure, kama ilivyokuwa zamani, kwa hivyo mechi za ABC anaziona kwa kipande cha plastiki na waya. ESPN haiko hewani, hiyo hajaitatua. Aliniuliza kama najua "link". Nikamwambia sijui, na nyinyi mnanijua, lakini wiki ile sikuwa na nguvu ya kumhubiria mtu kuhusu wizi.