Kabla ya Kukaza Parafujo ya Usukani

Bwana Mwandishi, makala yako nimeisoma kwa furaha, lakini pale usemapo kuwa usukani wa Land Rover Series III ukilegea dawa yake ni kukaza parafujo ya sanduku la usukani, sina budi kuhitilafiana nawe, kwa kuwa parafujo hiyo ikikazwa kupita kiasi usukani huwa mzito na vyuma vya ndani hulika, ilhali ubovu wenyewe aghalabu uko kwingine. Gari langu, ambalo fundi mmoja alikwisha kulikaza hivyo bila ya nafuu yoyote, lilitengemaa siku tulipoliacha limesimama kwa magurudumu yake, injini imezimwa, mmoja wetu akitikisa usukani kulia na kushoto na mwenzake amelala chini, akikishika kwa mkono kila kiungo katika vile sita vya fimbo za usukani, hata akahisi ni kipi kinachocheza, nacho tukakibadilisha. Nanyi wasomaji wenzangu mnaohimizana kuifungua rilei ya usukani iliyomo ndani ya chesisi, tahadharini mno, maana springi yake imebanwa kwa nguvu kubwa na ikifyatuka yaweza kumjeruhi mtu vibaya. Kazi hiyo mpeni fundi aliyekwisha kuifanya.